Jina la Baba Mkwe kwenye Dirisha la Mapokezi

Kuna kipindi nilikuwa tayari kufa kuliko kutamka jina la mtu mmoja, na wala sikuona ajabu. Leo nikikumbuka nashikwa na baridi. Kifua changu kimepona, dozi nimeimaliza, mikono imeanza kujaa tena, lakini mshtuko haujaniisha. Naandika kwa ajili yako unayekohoa na kuzima kikohozi ndani ya kanga ili jirani asisikie, hasa kama wewe ni mwanamke wa kwetu na kila ukifikiria hospitali unaliona lile dirisha.

Mimi ni Mdatoga. Mjini Babati wengi wanatuita Mang'ati, neno tulilopewa na maadui zetu wa zamani, na wanalitamka wakicheka kana kwamba ni jina la utani. Tangu niolewe nakaa Nangara, kwenye boma la baba mkwe, pamoja na mume wangu, mama mkwe na binti yangu Paskalina. Mtaa mzima unaniita Mama Paskalina. Nilikuwa nauza maziwa mjini. Kiswahili nakijua, darasa la saba nilimaliza, na mdomo ninao. Nayasema haya mapema usije ukadhani nilinyamaza kwa ushamba.

Kwetu mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba wa mume wake. Halitamki mbele yake wala nyuma yake, na hata maneno yanayokaribiana nalo anayakwepa na kutafuta mengine. Hali chakula naye, hamtazami usoni, na akiwa na ujumbe wake anaupitisha kwa mama mkwe. Si woga, ni heshima, na mimi niliipenda. Nilikuwa hodari wa kuyakwepa hayo maneno kuliko wake wote wa ukoo ule, na nilijivunia. Hata hapa sitaliandika hilo jina, kwa hiyo usilisubiri.

Kikohozi kilianza wakati wa palizi ya mahindi. Mume wangu alikuwa amehama na ng'ombe kuelekea kusini kutafuta malisho, kama wanavyofanya wengi wetu miaka hii, na kadi ya bima ya kaya aliondoka nayo mfukoni bila kukumbuka. Nikanywa tangawizi. Nikanywa dawa ya maji ya dukani. Mama mkwe akanichemshia mizizi michungu ambayo mpaka leo nikisikia harufu yake naziba pua. Kikohozi kikabaki palepale, halafu likaja jasho, nikawa naamka nguo imelowa ya kukamuliwa. Ndipo nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja.

"Kadi ya bima?" aliuliza kijana wa dirishani.

"Ameondoka nayo mume wangu."

"Haina shida, tutaitafuta humu kwenye mashine. Jina la mkuu wa kaya?"

Mkuu wa kaya yetu ni baba mkwe.

"Mama, jina la mkuu wa kaya. Foleni ni ndefu."

"Siwezi kulitaja."

"Hulijui?"

"Nalijua. Siwezi kulitaja."

Alinitazama kidogo, halafu akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga mafaili. "Hawa Mang'ati bwana. Mtu anakaa kwa watu, anakula kwao, jina lao hana." Watu kwenye foleni wakacheka. Akaniambia nikae pembeni nikumbuke, nikikumbuka nirudi, au nilipe taslimu. Pesa ya kulipa taslimu sikuwa nayo.

Nikakaa kwenye benchi la saruji chini ya bango la kunawa mikono. Nililitazama lile bango mpaka nikalichoka. Nilijua kabisa jina lipo, liko kwenye ncha ya ulimi, herufi zake zote nazijua. Wakati wa chakula dirisha likafungwa, nami nikainuka nikaenda zangu. Nilitembea barabara nzima nimeinua kichwa. Heshima yangu nimeitunza, na kikohozi changu nacho nimekitunza.

Mara ya pili nilikwenda na jirani yetu, Mama Daudi, Mwiraqw mwenye huruma na sauti kubwa. Yeye angelitaja jina bila shida, ila hakulijua. Nangara nzima wanamwita baba mkwe kwa jina la utani alilopata zamani kwa sababu ya fimbo yake ndefu. Mama Daudi akasimama dirishani kwa kujiamini na kusema, "Andika Mzee Fimbo." Kijana akatafuta. Hakuna Mzee Fimbo. Mama mkwe tulimwacha nyumbani, na hata angekuja isingesaidia: Kiswahili hajui, na mume wake yeye humwita baba wa fulani, basi.

Tulicheka njia nzima tukirudi, mpaka kicheko kikaamsha kikohozi na mate yangu yakatoka na uzi wa damu. Mama Daudi aliuona. Akanishika mkono mpaka mlangoni.

Kuanzia hapo mwili ulianza kunikimbia. Nina bangili za shaba nilizovishwa siku ya harusi, ambazo zilikuwa zinabana mpaka zinaacha alama. Siku moja nakamua ng'ombe mmoja mzee tuliyeachiwa, bangili zikateleza zote zikaanguka ndani ya ndoo ya maziwa. Nilizitazama chini mle na sikuwa na nguvu ya kuzitoa. Wateja wa maziwa walipungua mmoja baada ya mwingine kwa adabu kubwa, kila mmoja na sababu yake. Mtaani ikavuma kwamba nina ukimwi. Mama mkwe akanitengea kikombe, halafu akamhamisha Paskalina kutoka kitandani kwangu. Mtoto alikuwa analia upande wa pili wa ukuta akiniita, nami namjibu kwa kukohoa. Nilimchukia mama mkwe kwa kitendo kile. Leo namshukuru, ila siku ile nilimchukia, lazima niseme ukweli.

Unaweza kuuliza kwa nini sikulitamka tu. Hata mimi nimejiuliza. Jibu ni kwamba wazo hilo halikuja. Nililala pale nikihesabu mbavu zangu kwa vidole, nikawaza nani atamlea Paskalina, nikawaza mpaka wapi nitazikwa. Kulitamka lile jina hakukunijia kama njia.

Masika ilipokwisha lilipita gari la matangazo. Halmashauri imeanzisha mpango wa afya kwa jamii za wafugaji na wawindaji, zile ambazo huduma zimekuwa zinazipita pembeni. Watu wote waje ofisi ya kata. Wanaume wa kwetu walijaa, na baadaye tulijua kwa nini: walisikia neno mpango wakadhani ni chanjo ya ng'ombe. Baba mkwe naye alikuwepo, mstari wa mbele, na fimbo yake. Sisi wanawake tulikaa nyuma nje ya turubai.

Daktari wa halmashauri alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani. Aliuliza swali lake vizuri tu: kwa nini ndugu zetu Wadatoga wanafika hospitali wakiwa wameshazidiwa? Akasema wameambiwa kwamba tunapenda zaidi waganga. Wanaume wakajibu kwa zamu. Barabara mbaya. Ng'ombe hawaachiki. Umbali. Huyo wa umbali anakaa Nangara, na akisimama mlangoni kwake bati la kituo cha afya analiona. Nilitaka kucheka, kikohozi kikanikamata badala yake, na kikagoma kuniachia.

Ndipo alipokuja Martina. Alikuwa amevaa fulana ya wahudumu wa afya, kitambulisho kimening'inia shingoni, nikajiandaa kujibu kwa Kiswahili. Akachuchumaa mbele yetu akatusalimia kwa Kidatoga, salamu yetu yote, mpaka hali ya ndama. Nilimtazama mdomo. Miaka yote nimeishi mjini hapa, sijawahi kumsikia mtu mwenye kitambulisho shingoni akisema lugha yangu. Alisema ametoka upande wa Hanang', na halmashauri imewaajiri yeye na wenzake wachache kwa ajili ya mpango huu. Hakutuuliza kwa nini tunachelewa.

"Mkifika pale hospitali," alisema, "mnakwama wapi?"

"Dirishani," nikasema.

Martina alifumba macho, na nikajua ameelewa. Kabla sijaendelea, mwanamke aliyekuwa kushoto kwangu akasema, "Jina." Mwingine nyuma yake akasema, "Na mimi ni jina." Niligeuka kuwatazama. Nilidhani ni mimi peke yangu katika dunia nzima. Wale wanawake nawajua, tunauza maziwa pamoja, tunateka maji pamoja, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, kwa sababu kuisimulia habari hiyo ni kulizungukazunguka jina lenyewe.

Kisha akasema mama mmoja aliyetoka Mutuka, taratibu, akitazama mikono yake. "Mimi niliondoka pale na mtoto mgongoni. Alikuwa na homa. Nikasema kesho baba yake akirudi kutoka mnadani atakuja alitaje. Kesho yake hakukuwa na mtoto wa kupeleka."

Hakulia. Sisi ndio tuliolia.

Martina akasimama kumtafsiria daktari. Daktari akavua miwani.

"Subiri kwanza. Kwa sababu ya jina?"

"Kwa sababu ya jina," Martina alisema.

"Miaka yote hii tunakuja kuwauliza, na hakuna aliyetuambia."

Nikashindwa kujizuia. "Mlikuwa mnawauliza wanaume," nilisema kwa Kiswahili, kwa nguvu zote zilizobaki.

Turubai lote likageuka kunitazama, isipokuwa mtu mmoja. Baba mkwe alibaki amekaa vilevile, mgongo wake kwangu, umenyooka. Alikuwa amesikia kila kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana nimesimama mbele ya watu na kusema kwamba jina lake ndilo linaloniua.

Siku ile nilitoa makohozi kwenye kikopo, na baada ya siku chache Martina alikuja bomani na majibu. Kifua kikuu. Dawa zipo na ni za bure, alisema, ila lazima nikafunguliwe faili na kupigwa picha ya kifua, nikaanzishiwe dawa palepale kituoni. Nilisikia neno faili tu. Nilijua faili linafunguliwa wapi. Martina alikuwa na safari ya Simanjiro na wenzake, akaahidi atapiga simu dirishani. Nikamwambia asante, na moyoni nikasema hao hawapokei simu.

Asubuhi yake nilimsikia baba mkwe nje akimwambia mama mkwe, "Mwambie avae. Tunaenda."

Huyu ni mzee ambaye hajawahi kukanyaga hospitali, na fisi alipomng'ata mguu alijishona mwenyewe. Bajaji ilikuja. Sasa hatuwezi kukaa kiti kimoja, hilo haliwezekani, kwa hiyo yeye akajibana mbele na dereva, nusu ya makalio nje, fimbo imetokeza barabarani, na dereva anaomba Mungu kimoyomoyo. Mimi nyuma peke yangu nimefunika uso.

Kituoni aliipita foleni yote. Hakuna aliyemzuia, na usingemzuia wewe pia. Kijana alikuwa yuleyule. Baba mkwe akagonga ukingo wa dirisha kwa kichwa cha fimbo.

"Wewe kijana. Andika."

"Shikamoo mzee. Foleni inaanzia—"

"Marahaba. Andika."

Akalitaja jina lake, lake na la baba yake na la babu yake, yote matatu, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Nilivuta kanga nikaziba masikio, lakini nililisikia. Nikaegemea ukuta. Kijana akaandika haraka.

"Ndiyo mimi hiyo," baba mkwe alisema. "Huyu ni mke ya mtoto yangu. Jina ile usimuulize tena. Ukitaka jina, uliza mimi. Mimi nakaa hapa."

Akaenda kukaa kwenye lile benchi la saruji, mgongo kwangu, na hakuondoka mpaka nilipotoka na dawa mkononi. Tangu hapo kila siku yangu ya kliniki alikuja akakaa palepale. Hakuniuliza hali yangu hata mara moja. Alimuuliza mama mkwe, na mama mkwe akaniuliza mimi, nami nikamjibu mama mkwe, na mzee yuko hatua mbili tu anasikia yote.

Kuhusu dawa nikuambie yale ambayo hutaambiwa vizuri. Siku ya kwanza mkojo utatoka mwekundu wa kutisha. Mimi nilidhani natokwa na damu, nikapiga yowe, Mama Daudi akaruka ua. Martina aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, akasema ni rangi ya kidonge, alisahau kuniambia. Utatapika mwanzoni, meza ukiwa umekula kitu. Viungo vitauma. Kisha, siku usiyoitegemea, itakuja njaa. Kwangu ilikuja wakati wa kuvuna, nilikula mahindi ya kuchoma mpaka mama mkwe akaanza kuyaficha, na nilipomwona anayaficha nilijua naye ameona kwamba nitapona. Usiache dawa ukiona nafuu. Baridi ya Julai ilinikuta nimepata nguvu, nikataka kuacha, nikawaza nimepona hizi za nini tena. Nilimwona mzee kwenye benchi lake, amejifunika shuka mpaka masikioni, nikaona aibu, nikameza.

Paskalina alipimwa, hakuwa na kifua kikuu, akapewa vidonge vya kumkinga. Alivitema kwa ustadi mpaka tulipovichanganya na asali. Upepo wa vumbi ulipokuja alirudi kulala kwangu. Mume wangu alirejea na mvua za vuli, ng'ombe wamekonda, kadi ya bima ingali mfukoni imekunjamana. Alipoisikia habari nzima alikaa chini na kuitazama ile kadi mkononi mwake.

Siku ya kumaliza dozi nilikwenda peke yangu, mzee alikuwa na mafua. Dirishani nilimkuta binti mgeni.

"Shikamoo mama. Jina lako?"

Nikamtajia langu. Akabonyeza, akatabasamu.

"Nimekuona. Nangara, kaya ya mzee..." Akajizuia, akaweka mkono mdomoni. Nilijua Martina amepita hapo kuwafundisha.

"Umenipataje?" nikamuuliza. "Sijakutajia mkuu wa kaya."

"Nimekupata kwa jina lako, mama. Ukiandikishwa kwenye kaya, mashine inakutafuta kwa jina lako mwenyewe."

"Tangu lini?"

Hakunielewa. "Tangu iwekwe. Ndivyo ilivyo."

Nilishika ukingo wa dirisha. Siku ile ya kwanza, nimesimama palepale, jina langu lilikuwa mle ndani. Kijana alihitaji tu kuniuliza mimi naitwa nani. Binti aliniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia hapana, nikatoka nikakaa kwenye benchi la mzee. Nilikuwa namuwaza mama wa Mutuka. Bado tunakutana mnadani, ananiuliza kifua, namwambia kimepona, ananishukuru kana kwamba nimemponyesha yeye. Habari ya mashine sijaweza kumwambia. Sijui nitaanzia wapi.

Lakini wewe nakuambia. Ukifika, sema jina lako. Wakikuuliza la mwingine, rudia lako, na ukicheka kidogo si mbaya.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama mkwe jambo lote, kwa sauti ya kutosha, maana mzee alikuwa nyuma ya ukuta anaota jua. Nikasema: kumbe haikuwa lazima. Kumbe alipanda bajaji bure, akasimama mbele ya watu akalitoa jina lake bure, akakaa kwenye baridi miezi yote ile bure.

Tukamsikia anakohoa mafua yake, halafu fimbo ikagonga ardhi.

"Mwambie," alisema, "hata ningejua, ningeenda."

Mama mkwe akanigeukia kunipa ujumbe, kama inavyotakiwa, neno kwa neno, nami nikausikiliza mpaka mwisho kana kwamba sijausikia.